Namba Iliyo Nyuma ya Kadi

Upepo mkavu wa mwezi wa kumi ulipoanza kuvuma Xinpu, mji mdogo wa Taiwan, kazi ya kwanza ya Pei-Jun kila asubuhi ilikuwa kugeuza persimoni, matunda matamu ya rangi ya chungwa. Babu aliyamenya matunda hayo jioni, akayapanga kwenye nyungo kubwa za mianzi ili yakauke juani, na Pei-Jun alipita ungo kwa ungo akiligeuza kila tunda kwa vidole viwili, taratibu, lisije likapasuka. Babu alifuata nyuma akigeuza yale ambayo mjukuu wake aliyaruka. Hawakuzungumza sana. Tangu Bibi afariki mwanzoni mwa mwaka, Babu alikuwa mtu wa maneno machache, na hata hayo machache yalihusu matunda.

Jumamosi hiyo hawakuwa wamefika hata nusu ya nyungo simu ya Pei-Jun ilipoita. Alikuwa Shangazi Yueh-Mei, dada mdogo wa baba yake, fundi wa kompyuta aliyefanya kazi mjini Zhubei. Alizungumza haraka kama mtu anayevaa viatu huku akiongea. Seva ya shule ilikuwa imekufa jana yake, na Mwalimu Mkuu Fan alikuwa amempigia kuomba msaada.

Pei-Jun aliacha kugeuza matunda. Seva hiyo ndiyo kompyuta iliyotunza kazi zote za shule, na ndani yake zilikuwamo sauti za wazee. Darasa lao lilikuwa limepita nyumba kwa nyumba likiwarekodi wazee wakisimulia habari zao kwa Kihakka, lugha ya kwao, na Pei-Jun alimrekodi Bibi. Bibi hakupenda kamera. Mtu akitaka kumpiga picha, alijifunika uso kwa kofia yake ya shambani. Alikubali kurekodiwa sauti kwa sababu tu ilikuwa kazi ya shule ya mjukuu wake. Baada ya miezi michache akafariki, na sauti yake haikuwa mahali pengine popote duniani.

"Usilie bado," Shangazi alimwambia, ingawa Pei-Jun hakuwa amesema lolote. "Diski zenye mafaili ni nzima. Kilichokufa ni mwili wa mashine. Nitazihamishia kwenye mashine mpya, lakini nahitaji msaada wako."

Alimtuma mambo mawili. La kwanza lilikuwa pakiti ya kijani. Pei-Jun hakuhitaji kuelezwa, maana hakuna fundi katika mji ule aliyewasha seva bila kuiwekea juu pakiti ya vitafunio vya mahindi vyenye ladha ya nazi, ambavyo jina lake maana yake ni 'mtiifu', ili mashine ikae kwa adabu. Ilipaswa kuwa ya kijani, kwa kuwa taa ya mashine yenye afya ni ya kijani. Pakiti ya njano ilikuwa sawa na onyo, na nyekundu hakuna aliyethubutu. Tarehe yake ya kwisha muda pia haikupaswa kuwa imepita.

Jambo la pili lilikuwa namba ya kadi. Diski za seva zilisimamiwa na kadi moja maalumu, ambayo Mwalimu Fan alikuwa ameshaitoa na kuiweka mezani. Pei-Jun alipaswa kuigeuza, asome namba iliyoandikwa nyuma, amtumie Shangazi. Kwa namba hiyo Shangazi angepakua draiva, yaani programu ndogo inayoifundisha mashine lugha ya kadi, na kuitia kwenye flashi kabla hajatoka ofisini. Bila draiva, alisema, mashine na kadi zitakaa zikitazamana kama wageni wawili stendi.

Pei-Jun alianza na pakiti. Duka la kwanza lilikuwa na za njano tu. La pili lilikuwa na za kijani, lakini tarehe zake zilikaribia kupita. Akaenda mpaka duka la karibu na hekalu, akazitoa pakiti zote kwenye rafu, akazigeuza moja moja akisoma tarehe, akitafuta yenye tarehe ya mbali kuliko zote. Mama mwenye duka alimtazama mpaka akachoka.

"Binti, unachagua vitafunio au mchumba?"

Pei-Jun akaona haya, akalipa, akakimbia.

Alipofika shuleni, Shangazi alikuwa ameshamuuliza mara mbili kwa ujumbe kama namba imepatikana. Kadi ilikuwa mezani kweli, imejaa vumbi, ikiwa na vichuma vidogo vyenye ncha na nyaya nyembamba pembeni. Aliogopa kuishika asije akavunja kitu. Kando yake palikuwa na boksi lenye picha ya kadi iliyofanana nayo kabisa, na namba kubwa inayosomeka hata kwa mbali. Alijiambia kwamba kadi lazima ilitoka humo. Akaandika namba ya kwenye boksi, akaituma. Kisha akaiweka pakiti ya kijani mezani, akaisogeza kidogo kushoto, kidogo kulia, mpaka ikasimama wima kama askari.

Shangazi alifika na mashine mpya, akafunga nywele, akaanza kazi. Aliipachika kadi mahali pake, akaunganisha nayo diski za zamani na diski moja mpya ya kuwekea mfumo unaoendesha mashine, akaiweka pakiti juu, akawasha. Baada ya muda skrini iliuliza mfumo uwekwe kwenye diski ipi, na chini yake ikaandika kwamba hakuna diski yoyote iliyoonekana. Shangazi hakushtuka. Alichomeka flashi yenye draiva, mashine ikaipokea, ikafikiri, halafu ikarudia maneno yale yale.

Akazima. Akachomoa kadi, akasafisha vichuma vyake vya kuchomekea, akairudisha. Akabadilisha waya. Kila alipowasha, jibu lilikuwa lile lile. Mwalimu Fan aliingia, akaangalia skrini, kisha akaangalia pakiti.

"Huyu mlinzi wenu leo amegoma?"

"Tarehe yake ni nzuri," Pei-Jun alijibu kwa sauti ndogo. Hata hivyo alisogea akaigeuza pakiti itazame mlangoni, kwa sababu hakujua afanye nini kingine.

Mchana Babu alikuja na chakula, tambi za mchele na mayai ya kukaanga na figili kavu. Shangazi alimshukuru, akamwambia aende akapumzike. Babu akasema atasubiri vyombo vyake. Shangazi akamwambia vyombo atavipeleka mwenyewe. Babu akavuta kiti, akakaa karibu na mlango, akasema vyombo vya siku hizi hupotea sana.

Walipokwisha kula, Shangazi aliitazama mashine kwa muda mrefu, kisha akamgeukia Mwalimu Fan. Alieleza kwamba kadi huenda imekufa pamoja na mashine ya zamani. Wangeweza kuiacha na kuziunganisha diski moja kwa moja kwenye mashine mpya, na shule ingefanya kazi Jumatatu. Lakini mashine haikuelewa mpangilio wa kadi ile, kwa hiyo diski zote zingefutwa na kuanza upya. Akauliza kama kuna kitu ambacho hakikunakiliwa mahali pengine.

Mwalimu Fan alihesabu kwa vidole. Taarifa za wanafunzi zilikuwa na nakala. Alama zilikuwa na nakala. "Ni zile sauti za wazee," alisema mwishowe. "Nilipanga kuzinakili likizo. Sikuzinakili." Hakuweza kumtazama Babu.

Babu alikuwa akipanga vijiti vya kulia chakula ndani ya mfuko, kimoja kando ya kingine. "Kama ni lazima, ni lazima," akasema. "Watoto wanahitaji shule yao."

Shangazi alihamisha nyaya, akawasha, na safari hii skrini ikaonyesha diski zote, ikauliza kama zifutwe. Pei-Jun alisogea karibu na skrini. Lile boksi lilikuwa bado pale mezani. Tangu maneno "hakuna diski" yalipotokea mara ya kwanza alikuwa akilikwepa kwa macho, akijiambia kwamba picha ni ile ile, kwamba namba haiwezi kuwa tofauti, kwamba fundi angeshajua. Kusema kungekuwa aibu mbele ya Mwalimu Mkuu na mbele ya Babu. Na kama ni yeye aliyempoteza Bibi mara ya pili? Shangazi alisogeza kidole kwenye kibodi.

"Shangazi, subiri." Sauti ilitoka kama ya mtu mwingine. "Ile namba sikuisoma kwenye kadi. Niliisoma kwenye boksi."

Shangazi aliondoa mkono kwenye kibodi polepole, akauweka mapajani.

"Boksi lipi?"

Pei-Jun alimletea. Mwalimu Fan alilitambua mara moja. Lilikuwa la kadi nyingine, iliyonunuliwa zamani kwa ajili ya maktaba. Shangazi hakufoka. Alizima mashine, akachomoa kadi, akaigeuza, akafuta vumbi kwa kidole gumba, akamulika kwa simu. Namba ya nyuma na ya kwenye boksi zilifanana mwanzo, zikatofautiana mwisho.

"Ni ndugu hawa," alisema, "lakini hawasemi lugha moja."

Alitoka barazani na kompyuta yake ndogo, akatumia mtandao wa simu kupakua draiva inayohusika, na Pei-Jun akamsomea namba kutoka kwenye kadi yenyewe, tarakimu kwa tarakimu, kisha akaisoma tena kutoka mwisho kwenda mwanzo. Waliporudi, nyaya zikarudishwa kwenye kadi na flashi ikachomekwa. Skrini ilifikiri. Halafu, mstari mmoja baada ya mwingine, diski zikajitokeza, na penye jina la diski za zamani palisomeka jina la shule. Mwalimu Fan alikaa chini kwa kishindo, akacheka, kisha akavua miwani akaifuta.

Shangazi aliuweka mfumo kwenye diski mpya peke yake, zile za zamani hakuzigusa. Wakati mashine ikijaza taratibu kimstari cha kuonyesha kazi ilipofikia, alimvuta Pei-Jun akamkalisha kando yake.

"Ile pakiti uliihangaikia asubuhi nzima," alimwambia. "Kadi hukuigeuza hata mara moja. Sisi mafundi tunaiweka pakiti juu ya mashine ili itukumbushe kuwa makini. Haiwi makini kwa niaba yetu. Na mimi nilikosea vilevile, maana kadi ilipita mikononi mwangu sijui mara ngapi, na sikuigeuza, kwa sababu nilikuwa na namba yako."

Pei-Jun aliinamisha kichwa, akasema anaomba radhi.

"Nimekusamehe. Lakini sikia hili pia. Kazi iliyokosewa hurekebishwa kama mtu atasema mapema. Ungenyamaza kidogo tu, hakuna fundi ambaye angetuokoa. Umesema ukiwa unaogopa, na ndiyo maana diski hizi zipo. Asante."

Mwalimu Fan aliongeza asante yake, akasema hatatoka chumbani humo kabla hajanakili sauti zote. Akafungua faili lililokuwa na jina la Pei-Jun.

Kwanza ulisikika upepo, na kuku. Kisha Bibi akakohoa, akauliza kama kitu kimeshaanza kurekodi au anajisemea bure. Akaanza kusimulia alivyowapelekea wachuma chai chakula cha mchana alipokuwa msichana, na jinsi siku moja alivyomwaga supu yote njiani akawaambia wachuma chai kwamba leo ni wali mkavu kwa amri ya daktari. Katikati ya kicheko chake akageuka mbali na kinasa sauti cha shule, akaita kwa nguvu, "Mzee, zima jiko, chakula kinaungua."

Mlangoni, Babu aliinuka nusu kwenye kiti.

Alisimama hivyo kidogo, kisha akakaa tena. Machozi yalimtoka na hakuyafuta. Sauti iliendelea mpaka mwisho. Ndipo Babu alipomwita Pei-Jun, akamshika mkono kwa mikono yake yote miwili iliyonata sukari ya persimoni.

"Sikuja kuleta chakula," alisema. "Nilikuja kumsikia bibi yako. Tangu alipokwenda nilitaka kukuomba uniwekee sauti yake nisikilize, nikaona haya. Nimemkumbuka sana, mjukuu wangu. Asante kwa kusema."