Nusu Iliyokatwa

Jumapili asubuhi soko la vitu kuukuu la Lagunilla halina nafasi hata ya kugeuka. Amparo Rebolledo, mjane wa miaka sitini aliyetoka mji wa Puebla kutafuta taa ya mezani, alikuwa amevaa gauni la kitani la kijivu na viatu vya kisigino kifupi. Mbele ya meza ya picha kuukuu alisimama ghafla. Ndani ya fremu moja alijiona mwenyewe akiwa na miaka ishirini: peku, blauzi imelowa mvua na kumganda mwilini, anacheka, na nyuma yake umati usio na mwisho. Tamasha la muziki wa roki la Avándaro, Septemba 1971.

Aliuliza bei. Alikusudia kuinunua aichane.

"Hiyo haiuzwi, mama," mwuzaji alisema, kisha akainua kichwa. Mvi zilikuwa zimemjaa mpaka kwenye ndevu, lakini sauti ilikuwa ileile. Fermín Uscanga.

Wiki tatu baada ya tamasha, picha hiyo ya Amparo ilitokea kwenye gazeti moja la udaku, na chini yake maneno ya kumwaibisha ambayo baba yake aliyasoma kwa sauti mezani. Kesho yake Amparo alipelekwa Puebla kwa shangazi. Aliyekuwa karibu naye na kamera siku ile alikuwa Fermín, mchumba wake. Amparo hakuhitaji ushahidi mwingine kwamba ndiye aliyeiuza. Barua kumi na moja za Fermín alizirudisha bila kuzifungua.

"Bado unauza sura yangu," alimwambia.

"Nimesema haiuzwi. Wewe umezeeka, ukaidi wako bado." Akamsogezea fremu. "Itazame yote, Amparo. Ile ya gazetini ilikatwa."

Akaitazama. Upande wa kushoto, ambao gazeti halikuuonyesha, alisimama kijana mwembamba, Fermín wa siku zile. Kwapani alibana kamera iliyoviringishwa kwenye mfuko wa mkate isiingie maji. Mkononi alishika viatu vya kike vilivyojaa tope. Alikuwa akimtazama Amparo.

Mtu hawezi kupiga picha ambayo yeye mwenyewe yumo, kamera yake ikiwa kwapani. Fermín alieleza kwamba aliipata miaka sita iliyopita, katika kasha la vitu vya marehemu mpiga picha mmoja. Anwani ya Amparo hakuijua tena, basi kila Jumapili aliiweka hapo mezani, huenda siku moja angepita.

Simu ya Amparo ikalia. Binti yake alitaka kujua kama taa imepatikana. Akajibu kwamba bado, na kwamba yuko na mtu aliyewahi kumshikia viatu. Alipokata simu, Fermín alikuwa ameitoa picha kwenye fremu na kushika mkasi.

"Chukua upande wako," alisema. "Mimi nitabaki na wangu."

"Usiikate. Ilishakatwa mara moja." Amparo alifunga mkoba wake. "Na upande wangu ninao. Ule wa gazetini, nimeuhifadhi miaka arobaini. Nitauleta Jumapili."

"Uliuhifadhi kwa nini?"

"Usiniulize."

Jumapili iliyofuata mvua ilinyesha tangu alfajiri. Wauzaji wengi walikunja maturubai wakaondoka. Fermín aliifunika picha kwa mfuko wa mkate, akakaa. Saa sita ikapita. Saa saba kasorobo mwanamke wa gauni la kijivu alitokea mwisho wa barabara, akivuka madimbwi peku, bahasha kifuani, viatu mkononi.

Fermín akanyoosha mkono.

"Lete viatu, mkaidi wangu."