Shati la Jumamosi

Ko. Ko. Ko. Kabla ya mapambazuko, henga ya waya iligonga ukuta, na Eugénie akafumbua macho. Upepo haukuwapo. Kwenye msumari lilining'inia shati jeupe la mumewe Josué. Upande wa pili wa pazia mama mkwe wake naye alikuwa macho.

Siku hiyo Eugénie alitoka kambi ya wakimbizi ya Dzaleka kwenda mji wa Lumbadzi kununua nyuzi za kazi yake ya ushonaji. Sokoni, vijana wa kabaza, baiskeli za kukodi, wakiita abiria, mkoba wake ulikatika na nyuzi zikatawanyika. Mwanaume mmoja alipiga magoti na suruali yake safi, akaziokota, akafuta kila moja vumbi kwa leso yake.

"Zikomo," alishukuru Eugénie kwa lugha ya wenyeji.

"Acha zikomo yako. We ni mutu wa Uvira."

"Umejuaje?"

"Nimesikia venye umetukana ile sakoshi!"

Eugénie alicheka mpaka machozi. Hakukumbuka mara ya mwisho kucheka hivyo.

Mwanaume huyo aliitwa Ciza, Mrundi, mwalimu wa Kiingereza kanisani, huko huko Dzaleka. Wiki iliyofuata Eugénie alikaa benchi la mbele darasani kwake, kavaa kitenge cha kijani. Ciza aliandika ubaoni neno moja: iron.

"Hili ni jina, ile pasi yenyewe. Likikaa mbele ya neno roof, linasema paa ni la bati. Na hapa ni kitendo, kupiga pasi. Herufi ni zile zile, kazi njo inabadilika. Mama Fundi, nipe sentensi tatu."

"Mwalimu, unanionea!"

"Namuonea mwenye akili."

Aliandika mbili. Ya tatu, Mama anapiga pasi shati, aliifuta haraka. Angeulizwa shati la nani.

Miezi ikapita. Ciza alimsindikiza kila jioni mpaka kwenye kona, akamwita sheri, yaani mpenzi, naye akamwambia mumewe hayupo tena, anaishi na mama mkwe tu. Jumamosi moja Ciza aliamua kufika nyumbani na kilo ya sukari. Mlangoni alimwona mama mkwe, bibi kizee, ameinamia pasi ya mkaa, akinyoosha shati la mwanaume kwa uangalifu, kama la mtu anayengojewa jioni ile. Aliweka sukari kizingitini, akaondoka. Jumatatu alikuwa Lilongwe, kwenye duka la kaka yake huko Biwi.

Eugénie alimpigia simu. "Sheri, unanikimbia?"

"Uliniambia bwana yako hayuko tena. Ile shemizi ni ya nani? Mutu mwenye alikufa habamufuliake nguo."

Eugénie alitazama pazia. Tangu wakimbie Uvira, miaka mitano, hakuna aliyetamka katika nyumba ile kwamba Josué amekufa. Hawakuona mwili, hawakukaa matanga. Na bila matanga, yeye alikuwa bado mke wa mtu. Akijibu, mama atasikia. Akinyamaza, Ciza amekwenda.

Alikata simu.

Pazia likasogea. "Ule njo wa sukari?" aliuliza mama.

"Ndiyo, mama."

"Kesho unipeleke kwake."

Huko Biwi, Ciza alipowaona alimpa bibi kiti chake mwenyewe na Fanta baridi, akabaki amesimama. Bibi alitoa shati kwenye mfuko, akalilaza mapajani.

"Ni ya mwana wangu. Tulipokimbia, alirudia dawa yangu nyumbani. Dawa yangu mi." Vidole vyake vilipapasa kola. "Josué alikufa. Mi njo nafuaka, mi njo napigaka pasi. Huyu mutoto hakukudanganya. Alinihurumia."

Ciza alipiga magoti kama siku ile ya Lumbadzi. "Unisamehe, mama. Na we, Eugénie."

"Ungeuliza kabla ya kukimbia, mwalimu," alisema Eugénie akilia. "Wanafunzi wako tunauliza kila siku."

Jumamosi waliweka matanga bila kaburi. Shati lilikunjwa, likaingia sandukuni. Ciza alichota maji, akapanga mabenchi. Jioni, watu walipotawanyika, Eugénie alimfungulia daftari. Sentensi ya tatu, ile ya shati, ilikuwapo, imeandikwa upya kwa kalamu.

"Iko sawa, mwalimu?"

"Iko sawa, sheri."

Mama mkwe alimshika Ciza mkono. "Jumamosi ingine ukuye na bazee bako. Huyu ni binti yangu. Mi njo nitamutoa mu ndoa."

Ko.

Walitazama ukutani wote watatu. Henga tupu ilitikisika msumarini, ikatulia. Bibi alisogea, akaigusa taratibu.

"Na we pia, mwana wangu," alinong'ona. "Ukuye tena kututembelea."