Maua ya Mlango wa Baba

Walikutana kwenye kaunta ya duka la vifaa, saa ambayo kila mteja anapaza sauti ahudumiwe kwanza. Binti seremala alikuja na ovaroli yake, vumbi la mbao limemjaa kwenye nywele. Kijana aliyesimama nyuma yake alivaa shati jeupe lililopigwa pasi likanyooka.

"Nipe biti ya kuchongea kali kuliko hii," binti alimwambia muuzaji. "Mashine yangu ya kuchonga inajikokota."

"Kosa si la biti, dada," kijana akadakia. "Ni ile inayoongozwa na kompyuta?"

"Ndiyo, ndogo ya mezani. Kwenye mstari ulionyooka inakwenda, ikifika kwenye maua inatambaa kama kinyonga. Nimeongeza mwendo mpaka mwisho, wapi!"

"Kompyuta ndiyo kazi yangu. Nije niitazame?"

"Na hilo shati? Utarudi limebadilika rangi."

Akaja, na shati likabadilika rangi.

Karakana ilikuwa uani kwa baba wa binti, seremala mstaafu. Maua yalikuwa ya mzee mwenyewe. Aliyachora kwa penseli ujanani, kwa ajili ya mlango ambao hakuwahi kupata nafasi ya kuuchonga. Sasa macho yake yalikuwa yanafifia, na daktari alisema hayana dawa. Binti aliupiga picha mchoro ule, akauingiza kwenye kompyuta. Alitaka jambo moja tu, baba auone mlango wake.

Kijana akawa mtu wa kila jioni. Leo anakagua waya, kesho anakaza mkanda, kesho kutwa anabadilisha programu. Mashine inatambaa, wao wanapiga soga. Mchana simu hazikatiki.

"Umekula, Fundi wangu?"

"Nimekula vumbi. Wahi leo, wewe mganga usiyeponya."

"Nikiponya si utanifukuza?"

Binti alicheka mpaka akaegemea ukuta. Alikuwa ameshampenda, tena hasa. Wala hakutilia maanani kwamba mzee alikuwa anazidi kusogeza kiti chake karibu na mashine.

Asubuhi moja, jua limejaa karakana, mzee aliuliza, "Mwanangu, mbona leo hamjafungua madirisha?"

Madirisha yote yalikuwa wazi.

Binti alipiga simu akilia. Kijana alifika mbio, shati halijachomekwa, akaketi kwenye kompyuta bila neno. Kompyuta, ilipoisoma ile picha ya mchoro, ilikuwa imekatakata kila mkunjo wa ua kuwa vijistari vifupifupi visivyo na idadi, na mashine ilikuwa inafunga breki mwisho wa kila kimoja. Akavifuta vyote, akaichora mikunjo upya. Chai aliyowekewa ilikuwa haijapoa, mashine ikaanza kuteleza.

Binti aliitazama mashine, kisha akamgeukia yeye.

"Leo umejuaje?"

Kijana akaanza kuchomeka shati.

"Nakuuliza, mpenzi."

"Nilijua tangu siku ya kwanza. Niliogopa ikipona sitakuwa na sababu ya kuja. Nikadhani macho ya mzee bado yana muda."

"Sababu nilikuwa mimi!" binti alipiga kelele. "Ungekuja mikono mitupu, ningekufungulia!"

Kijana aliondoka ameinamisha kichwa. Akapiga simu siku nyingi, mpaka binti akapokea.

"Nimekusamehe," alisema. "Na bado nakupenda, usidhani vingine. Lakini nikikuona, nayaona yale madirisha. Usije."

Mlango ulipokauka vanishi, mzee aliupapasa taratibu, ua kwa ua.

"Hili nililipinda kidogo wakati nachora," alisema akitabasamu. "Na wewe umeliacha hivyo hivyo."

"Ni lako, baba. Ningelinyoosha vipi?"

"Na yule kijana, mbona simsikii? Mashine imepona?"

"Imepona."

"Basi mwite auone mlango, anisimulie ulivyo."

Binti akaushika mkono wa baba yake, akauweka kwenye ua la juu kabisa.

"Nitakusimulia mimi, baba," alisema, machozi yakimtiririka, na akaanza.