Nyimbo Kumi za Jumamosi

Harufu ilianzia kwenye kaseti. Elinipa aliinusa kabla hajaiona, maana pua ndiyo iliyomlipa mshahara: alikuwa afisa afya, Mpare aliyehamishiwa Kigoma akaolewa hukohuko, na kila asubuhi alishinda mwaloni Katonga, wavuvi wanakoshusha samaki, akiinamia mabeseni, akiamua samaki wa kuuzwa na samaki wa kufukiwa. Mgebuka wa leo na wa juzi aliwatofautisha akiwa amefumba macho. Sasa kitu hiki kikavu alichokifuta mumewe kwa pamba na spiriti kilinuka matumbo ya samaki yaliyosahaulika juani.

"Selestini, hiyo kitu inanuka."

"Ni ukale tu, Eli. Ilikuwa kwenye sanduku la mama. Unajua humu kuna nini? Kumi bora. Nilirekodi mwenyewe nikiwa kidato cha pili."

Mama huyo, Honorata, walikuwa wamemzika kabla ya Pasaka na kuhamia nyumba yake ya Kasingirima. Selestini alikuwa mwalimu mpole, mwenye mvi za heshima na ugonjwa mmoja tu, nao ni kusikiliza vipindi vya zamani. Enzi za ujana wake redio ya Bujumbura ilisikika vizuri zaidi Ujiji kuliko ya Dar es Salaam, na kila Jumamosi mchana mtangazaji alipiga nyimbo kumi zinazotamba, akihesabu kutoka kumi kuja moja. Vijana walikaa na kidole juu ya kitufe cha kurekodia, wakiomba betri zisiwaaibishe. Hadi leo Selestini angeweza kununa jioni nzima kwa sababu wimbo fulani ulishushwa kutoka namba tatu hadi saba kwa uonevu. Elinipa alimcheka, kisha akampenda zaidi.

Jumamosi hiyo waliisikiliza pamoja. Mtangazaji alichangamka, gitaa zikalia, Selestini akatikisa bega. Ila kila namba ilipotajwa, nyuma ya ile sauti kitu kilitafuna.

"Huyu anatangaza huku anakula?" Elinipa aliuliza.

"Anakula nini?"

"Sikiliza huko nyuma."

Selestini hakusikia kitu. Elinipa alisikia kikitafuna, kikimeza, kikilamba vidole kimoja kimoja, kisha kikivuta kamasi na kuzimeza nazo. Ilipokwisha namba mbili, kaseti ikakatika kwa mlio mdogo.

"Siku zote iliishia hapo," Selestini alisema kwa huzuni. "Kaseti ilikuwa fupi, kipindi kirefu. Namba moja niliisikia hewani tu." Akaanza kuipiga mluzi, ile zouk aliyoipiga mluzi tangu siku za uchumba wao.

Elinipa alipoitoa kaseti redioni, vidole viliteleza. Ute mweupe ulitoka nayo ukivutika kama uzi. Aliosha mikono hadi ngozi ikamwasha, na chakula cha jioni kikamshinda.

Tangu hapo Selestini aliicheza kila Jumamosi, na kila Jumamosi akazidi kuharibika. Aliacha kupiga mswaki. Pumzi yake ikawa nzito, ya uvundo, na usiku Elinipa alijikuta anageukia ukutani, akipumulia kwenye khanga. Aliona aibu. Huyu ndiye mwanamume aliyemshika mkono wodini alipojifungua Japhet, ambaye sasa yuko shule ya bweni, na leo akimgusa bega nywele zinamsimama. Hofu yake ilikuwa moja tu: kwamba atamchoka kabisa, amwache mume wake mzima kwa sababu ya kinyaa.

Siku alipomkuta nyuma ya jiko, alikuwa amechuchumaa juu ya beseni. Ndani mlikuwa na migebuka aliyoikataa Elinipa mwenyewe asubuhi, akaimwagia mafuta ya taa na kuifukia shimoni Katonga, na Selestini alikuwa ameifukua, ana mashavu ya samaki mdomoni, magamba yamemganda kwenye ndevu, funza mmoja anatambaa pembeni mwa mdomo wake akitafuta njia ya kutoka, na ulimi ukamfuata taratibu ukamrudisha ndani.

Elinipa alitapika palepale. Kisha akaingia ndani, akaichukua ile kaseti kwa mfuko wa plastiki na kuitumbukiza chooni.

Akadhani kazi imekwisha. Jumamosi iliyofuata, jua likiwa utosini, alisikia kipindi kinaanza sebuleni. Redio ilikuwa imezimwa. Selestini alikuwa amekaa wima kwenye kochi, mdomo umefunguka kuliko mdomo wa mtu unavyotakiwa kufunguka, midomo haichezi wala ulimi hautikisiki, na kutoka kooni mwake ilitoka sauti ya mtangazaji na gitaa na ngoma na hata ule mkwaruzo wa kaseti kuukuu, namba kumi, namba tisa, namba nane, huku ute ukimchuruzika kifuani na ukijaa mapajani na ukidondoka sakafuni, hadi namba mbili ikaisha na ukasikika ule mlio mdogo wa kukatika. Macho yakamgeukia Elinipa.

"Halafu?" kile kitu kikauliza.

Alimpigia simu mama mdogo wa Selestini, Verediana, aliyekuwa akiagua watu kule Kalinzi. Bibi huyo alifika Jumamosi iliyofuata asubuhi kwa bodaboda, na mto wake wa kulalia kwapani, maana mito ya watu hakuiamini. Alinusa mlangoni, akatema mate.

"Mwakeye," aliwasalimu kwa Kiha, kisha akamtazama Selestini. "Mama yako hakukwambia. Alikuwa kiti cha jini. Jini la ziwani lilimpanda akiwa msichana. Mganga akalituliza, akarekodi nyimbo zake kwenye kaseti. Likisumbua, unalipigia hizo nyimbo, linalala. Akavunja vile vijino vya kaseti ili mtu asirekodi juu yake."

Selestini aliinama. "Niliziba yale matundu kwa karatasi, mama mdogo, nikarekodi kipindi. Nilidhani ni kwaya."

"Na dada alikuwa ameokoka, hataki hata kuigusa. Kwa hiyo jini limekaa humo na muziki wenu miaka yote. Sasa kiti chake kimekufa, limekuja kwako."

Mchana likampanda. Verediana alipiga makofi, akaimba wimbo wake wa zamani, ule wa kuliaga lirudi ziwani. Mdomo wa Selestini ukapinda kwa dharau.

"Huo wa kizamani," jini likasema. "Nimezoea hizi za Jumamosi."

"Unataka nini, mgeni wetu?" Verediana alinong'ona.

"Namba moja. Nimesikia mbili, nimesikia mbili, nimesikia mbili. Namba moja ni ipi?"

"Ukipewa, utashuka?"

"Nitashuka."

Verediana hakuijua. Elinipa aliijua, kwa mluzi. Akachukua simu, akaipigia ule mluzi hadi ikautambua wimbo mtandaoni, akaiweka karibu na lile sikio linalonuka, na ilipoanza kulia jini likatulia kama mtoto anyonyaye, likasikiliza beti, likasikiliza kiitikio, machozi mazito ya manjano yakimtoka mumewe machoni, na wimbo ulipokwisha Selestini akatapika, mikunjo kwa mikunjo ya utepe mweusi uliochanganyika na miiba na mayai ya samaki, akatapika hadi beseni likafurika na Verediana akaenda kuleta jingine.

Harufu ikakatika. Selestini alifumbua macho, akasema, "Eli, nina kiu," na pumzi yake ilikuwa pumzi yake. Elinipa akamkumbatia hivyohivyo na uchafu wake, akalia.

Begani kwake, kile kinywa kikafunguka tena. Ile sauti ya mtangazaji ikasema kwa furaha: "Hiyo ilikuwa namba moja ya wiki hii. Je, wiki ijayo itabaki kileleni? Tukutane Jumamosi."

Verediana alichukua mto wake. "Limeshuka, kama lilivyoahidi," alisema kwa sauti ndogo. "Halikuahidi kutorudi. Lipe linachotaka, mwanangu, utabaki na mume siku nyingine za wiki."

Ndivyo wanavyoishi. Siku za wiki Selestini anafundisha, anapiga mswaki, anamtania mkewe. Jumamosi Elinipa anafunga madirisha, anapanga nyimbo kumi kwenye simu, na kuweka beseni la matumbo aliyoyatoa Katonga, yasiyopikwa, ya siku kadhaa, kwa sababu likila mapema linashuka mapema. Anakaa kando akiwa ameziba pua kwa khanga hadi namba moja iishe, kisha anamwosha mumewe. Amejiapiza kuvumilia, na anavumilia.

Ila Jumamosi iliyopita, kabla hata hajawasha wimbo namba kumi, alifunua beseni, ule uvundo ukampanda usoni, na mate ya njaa yakamjaa mdomoni. Alitazama mlango wa chumbani, ambako mumewe alikuwa bado anavaa, mzima kabisa. Kisha akaangalia khanga ya kuziba pua, nayo alikuwa ameisahau begani.