Springi Mpya za Mzee Futi

Springi mbili mpya zilikuwa zimeibwa, na bado gari lilikuwa limesimama juu ya magurudumu yake manne kana kwamba halijaguswa. Hilo ndilo lililomkera Inspekta tangu mwanzo.

"Sentimita saba!" alifoka Mzee Futi, akivuta futi yake kutoka katikati ya gurudumu la nyuma hadi ukingo wa madigadi. "Jumanne lilikuwa juu. Leo limeshuka sentimita saba. Nikaingia uvunguni, nikakuta nini? Springi zangu za zamani! Zile nilizozitupa stoo!"

Mzee huyu alikuwa mpima ardhi kabla ya kustaafu, na mtaa mzima ulimwita Futi kwa sababu hakuna kitu asichokipima. Kwa miaka miwili alikuwa akijenga kibanda cha kulalia, chenye kitanda, jiko na mapazia, cha kupandishwa mgongoni mwa pikapu yake inayovuta kwa magurudumu yote. Kibanda chenyewe kilikuwa pale uani, kimesimama kwenye miguu ya chuma, kikisubiri. Springi za kiwandani zisingekibeba. Ndiyo maana alifunga nyingine nzito, zenye majani manane ya chuma badala ya matano. Jumatatu ndiyo ilikuwa siku ya kuondoka, yeye na mkewe, miezi mitatu barabarani.

"Na leo ni Alhamisi," alisema. "Andika hilo, binti yangu."

"Mimi ni Inspekta."

"Andika na saa, Inspekta binti yangu."

Inspekta alishusha pumzi. Mezani kwake kituoni kulikuwa na majalada kumi na tisa, na mawili kati ya hayo yalikuwa ya watu waliokufa.

"Juzi na jana ulikuwa wapi?"

"Kwa dada yangu, anaumwa. Nilikwenda kwa basi Jumanne, nikarudi jana jioni."

"Kwa nini hukwenda na gari?"

"Gari limeshapimwa! Halitoki mpaka safari!"

Akageuka kwa hasira na kumvaa Koplo, aliyekuwa kushoto kwake na kamera. Koplo alikuwa mtu wa kuziba mlango mzima kwa mabega.

"Unajificha nini hapo?"

"Nimesimama hapa tangu tumefika, mzee."

Inspekta akatazama ubavu wa kushoto wa pikapu. Mikwaruzo mitatu, mipya, kimo cha nguzo ya geti. Akaiandika daftarini.

Mke wa mzee alikuwa mlangoni mwa jikoni, kilemba kichwani, kitabu cha sala mkononi.

"Mama, ulikuwepo nyumbani siku zote mbili?"

"Nilikuwepo, Afande."

"Ulimwona mtu yeyote akiingia uani?"

"Sikumwona mtu yeyote akiingia."

"Geti lilivunjwa?"

"Halikuvunjwa."

"Unamshuku nani?"

"Mimi simshuku mtu, Afande. Mungu shahidi yangu."

"Ni fundi!" aliruka Mzee Futi. "Alizifunga yeye, amezifungua yeye!"

Fundi aliletwa kutoka gereji ya mtaa wa pili, mikono imejaa grisi, uso umekunjamana.

"Mzee huyu atanimaliza," alisema hata kabla ya kusalimia. "Kazi ya siku moja alinifanyisha siku nne. Kila bolti na futi, kila bolti na futi!"

"Juzi na jana ulikuwa wapi?"

"Chini ya lori la maziwa. Muulize dereva, alinikalia kichwani siku zote mbili."

"Basi ingia uvunguni, uniambie unachokiona."

Fundi akajilaza chali. Kwa muda ilionekana miguu yake tu. Alipotoka, hasira ilikuwa imempungua.

"Afande, mwizi wako ni fundi mzuri kuliko mimi."

"Nieleze."

"Kuna mipira midogo pale springi inaposhikwa. Ukikaza bolti gari likiwa linaning'inia kwenye jeki, ile mipira inajinyonga, na baada ya mwezi imechanika. Unatakiwa uliteremshe kwanza, likalie uzito wake, ndipo ukaze. Huyu ameliteremsha. Na amepaka grisi. Na springi ya kulia ameirudisha kulia, ya kushoto kushoto."

"Mafundi wote hufanya hivyo?"

"Nani ana muda huo? Hata mimi sikuwa nikifanya, mpaka huyu mzee aliponipigia kelele mbele ya wateja."

Inspekta akafunga daftari. Mwizi wa kuuza angechukua chuma na kuacha gari limelala kwenye matofali. Huyu alikuwa amehangaika ili yeyote atakayepanda asipate ajali. Alilolizuia ni jambo moja tu: kubeba kile kibanda.

Akazunguka kwa jirani, mama mshonaji, ambaye cherehani yake ilipakana na ukuta.

"Ulisikia nini?"

"Nyundo! Kwani siku gani sisikii nyundo katika nyumba hiyo? Kutwa nzima, go, go, go. Nikajua ni Futi huyo."

"Futi hakuwepo."

Cherehani ilisimama. "Heh! Basi ni jini."

"Mkewe ulimwona?"

"Siku mbili kamba yake haikuwa na nguo hata moja. Jana ndipo alipokuja kuniomba dawa ya kuchua mgongo. Kainama hivi, kama mtu anayelima viazi. Nikamwambia, shoga, umebeba nini? Akaniambia, nimebeba mume."

Inspekta alirudi uani kwa hatua ndefu. Alikuwa amejikasirikia mwenyewe. Mwanamke yule alikuwa amejibu kila swali kwa ukweli mtupu. Maswali ndiyo yaliyokuwa mabovu.

"Mama, ni wewe uliyezitoa zile springi?"

"Ndiyo, Afande."

"Na kwa nini hukuniambia saa nzima hii?"

"Hukuniuliza."

Mzee Futi akacheka. Hakuna aliyecheka naye. "Huyu? Zile nati azifungue huyu?"

"Nilivisha spana bomba refu," alisema mkewe taratibu. "Wewe ndiye uliyenifundisha. Miaka miwili nimelala uvunguni nikikushikia tochi, na kila bolti unanieleza mara nne. Mtu akielezwa mara nne atajua hata kama hataki."

"Ziko wapi?" aliuliza Inspekta.

"Kwenye kibanda, chini ya godoro. Nilizifungua jani moja moja, nzima zingenishinda."

"Nimelala pale leo asubuhi!"

"Ndiyo, baba. Ukalalamika kwamba godoro limekuwa gumu."

Koplo alikohoa, akageukia ukuta.

"Sababu, mama," alisema Inspekta.

Mwanamke akakibana kitabu chake kifuani. "Haoni upande wa kushoto. Mwezi uliopita tulilijaribu gari. Kwenye kivuko cha shule watoto walikuwa wanavuka kutokea kushoto, na yeye hakupunguza. Niliudaka usukani. Akaniambia nimemshtua. Nikamwomba twende hospitali ya macho, akasema nina kelele. Nikamwambia dada yake, akasema simtakii mdogo wake starehe. Nikaficha ufunguo, kumbe ana mwingine. Kitu kimoja tu duniani anakisikiliza, nacho ni ile futi. Gari likipungua sentimita moja, hatalipakia mzigo. Basi nikampunguzia saba."

"Uongo mtupu!" alifoka Mzee Futi. "Mimi nimepima nusu ya nchi hii kwa macho haya!"

"Nitazame mimi puani, mzee," alisema Inspekta. "Usigeuke. Anaonyesha vidole vingapi?"

"Nani?"

Koplo alikuwa kushoto kwake, hatua mbili, ameinua mkono wote.

Fundi alitazama viatu vyake. Mzee akageuza kichwa polepole, akauona mkono ule, na Koplo mzima aliyekuwa nyuma ya mkono huo. Akajikalia kwenye bodi ya pikapu.

"Ungeniambia," alisema.

"Mara kumi na moja."

"Ungesema tu kwamba hutaki safari."

"Mapazia nimeshona mimi, kwa mkono wangu. Nataka kwenda. Na nataka kurudi."

Mzee alilifuta paji la uso. "Inspekta, ifute hiyo kesi."

"Polisi hatuna kifutio, mzee. Utakuja kituoni kuandika maelezo mengine ya kurasa tatu, kwa mkono wako, mbele yangu. Na hutakuja ukiendesha."

Hapo mkewe alinyoosha kiganja. Mzee Futi akatoa ufunguo mfukoni. Akavua kofia, akatoa wa pili. Akafungua sanduku la spana, akachomoa wa tatu ulionatishwa chini ya mfuniko. Kiganja kilikuwa bado kimenyooshwa.

"Jumatatu hospitali ya macho wanafungua saa mbili," alisema mkewe. "Tutapanda basi. Na ule wa nne, baba."

Mzee alimtazama Inspekta kana kwamba anaomba ulinzi wa polisi. Inspekta akatazama saa yake.

Mzee akainama, akaanza kufungua kamba za kiatu.