Nyuso Tatu za Ratiba ya Ndiva

Kila Jumapili, akishatoka kanisani, Asteria alivua gauni lake zuri, akachukua kishikwambi cha kamati ya maji na kuketi kwenye kizingiti cha jikoni. Kazi yake ilikuwa ratiba ya ndiva, lile bwawa dogo lililo juu ya kijiji chao, kwenye mlima unaotazama Makanya. Ndiva hujaa usiku, hufunguliwa alfajiri, na kila mwenye shamba ana zamu yake. Asteria alikuwa darasa la saba na mwepesi wa kushika mambo, ndiyo maana kamati ilimpa kazi hiyo.

Programu waliletewa na dada Sabrina, fundi wa kompyuta kutoka Same mjini.

"Wewe jaza ratiba mama tu," alimwelekeza. "Nani, shamba gani, siku gani. Ukibonyeza 'Geuza', programu inafuata kanuni nilizoiwekea na kutengeneza nyuso tatu: jedwali pana la kishikwambi, orodha ya simu janja, na ujumbe mfupi wa vitochi, zile simu ndogo za vitufe. Nyuso hizo usiziguse kwa mkono. Umenisikia?"

"Nimesikia, dada."

Kusikia alisikia. Lakini wanakijiji walimchosha!

"Asteria, maandishi gani haya, kama mayai ya chawa?" alilalamika Baba Husna, simu janja yake imekaribia kugusa pua.

"Afadhali wewe," alidakia Mama Bahati. "Kitochi changu kinakata majina. Juzi nimeitwa 'Mama Bah'. Mama Bah ndiye nani?"

Watu wakacheka. Asteria hakucheka. Kila jioni mtu alipiga hodi na simu mkononi, naye akafungua uso wa simu hiyo, akavuta neno huku, akafuta kule. Akiondoka huyu, anaingia mwingine. Tena kila alipobonyeza 'Geuza', marekebisho yake yote yalifutika, akaanza upya.

"Kha! Kwani hawawezi wote kununua simu za aina moja?" alimnung'unikia mama yake.

Jumatano alasiri, Asteria akiwa ametoka shule, alikuja Mama Bahati. Maharage yake yalikuwa yametoa maua, na jua lilikuwa kali. Alikuwa mjane, na shamba lilikuwa hilo hilo moja.

"Baba Husna amekubali tubadilishane," alisema. "Mimi nichukue Alhamisi yake, yeye Jumamosi yangu. Niandikie, mwanangu. Nikiona ujumbe kwenye simu, ndipo nitashuka shambani."

Asteria alikuwa na rundo la vyombo vya kuosha. Kufungua ratiba mama aliona ni mlolongo. Alifungua uso wa vitochi, akaandika 'Alhamisi' kwa mkono ili ujumbe uende jioni, akarudi kwenye sufuria zake. Jioni mtu mwingine akaomba zamu yake ya Jumatatu isogezwe. Hiyo Asteria aliiingiza kwenye ratiba mama, akabonyeza 'Geuza', na ujumbe ukaenda kwa wote. Alhamisi ya Mama Bahati ikafutika, ikarudi Jumamosi.

Alhamisi alfajiri Babu Sifael, mwenyekiti wa kamati, alifungua ndiva kama kawaida. Mama Bahati alibaki nyumbani; simu ilisema Jumamosi. Baba Husna naye alibaki nyumbani. Alishatoa zamu yake. Maji ya usiku kucha yakateremka mferejini, hakuna wa kuyaelekeza, yakaishia korongoni.

Babu Sifael aliingia uani kwa kina Asteria suruali imekunjwa hadi magotini, Mama Bahati akimfuata na tawi la mharage lililonyauka.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Ndiva nzima imelinywesha korongo! Nani alibadilisha ratiba?"

"Programu ime..." Asteria alianza. Akaliona lile tawi. "Si programu, babu. Ni mimi. Nilirekebisha uso mmoja kwa mkono, ratiba mama nikaiacha."

Mama Bahati aliligeuzageuza lile tawi, maua yakadondoka. Hiyo ilimuuma Asteria kuliko kugombezwa.

"Kesho ni zamu yangu," alisema Babu Sifael. "Mama Bahati, ichukue. Na wewe binti, kabla ya shule nikukute mferejini na jembe."

Asteria akaiandika zamu hiyo kwenye ratiba mama, kisha akampigia dada Sabrina na kumweleza yote.

"Sasa mbona hukuniambia tangu mwanzo?" Sabrina alifoka. "Jina likikatwa, au herufi zikiwa ndogo, kinachorekebishwa ni kanuni. Mara moja, kwa simu zote za aina hiyo! Nairekebisha sasa hivi."

Jioni kitochi cha Mama Bahati kililia: MAMA BAHATI, MAHARAGE, IJUMAA ALFAJIRI.

"Leo nina jina zima," alisema, akatabasamu kidogo.

Ijumaa maji yalipoingia kwenye mistari ya maharage, Asteria alikuwa ametapakaa tope. Babu Sifael alisimama kando yake.

"Mjukuu wangu, maji yakitoka ndivani na uchafu, utazunguka shamba hadi shamba ukiyachuja?"

"Hapana, babu. Nitapanda ndivani."

"Basi na kazi yako ni hivyo hivyo. Kosa lirekebishe linakoanzia, hata kama njia ni ndefu na watu wanakuudhi. Na ukikosea, sema mapema kama ulivyosema jana. Ungeisingizia programu, maharage haya yangekauka tukiwa bado tunaichunguza."