Mgeni Kutoka Kambini

Asubuhi ile Salha alisimama mlangoni mwa sebule yake, fagio mkononi, akashindwa kuingia. Sakafu ilikuwa imepigwa polishi. Ilikuwa nyekundu, inang'aa, inanukia nta, na zile alama za duara za kitambaa zilionekana wazi kwa mtu anayejua kuzitazama. Jana jioni aliiacha imejaa matope ya viatu vya mumewe, kwa sababu mvua za Novemba zilikuwa zimeanza Makambako na yeye aliona uvivu.

"Wewe ndiye umepiga polishi sebuleni?" akamwuliza Abdulatif.

Abdulatif alikuwa anafunga kamba za viatu. Akacheka. "Mimi? Tangu lini?"

Kweli, tangu lini? Mwanamume wa Kilwa mwenye lori la mbao hapigi magoti kusugua sakafu. Salha akaenda jikoni, akakifungua kile kikopo cha polishi kilichokuwa nyuma ya ndoo ya unga. Kilikuwa kitupu, kama alivyokiacha wiki mbili nyuma. Hapo ndipo moyo ulipoanza kumwenda mbio, na kwa haki kabisa, maana yeye alijua harufu ile ilitoka wapi. Isitoshe, alijua ni nani aliyeialika.

Turudi nyuma siku mbili tu.

Ilikuwa mwaka wa tisini na tatu. Biashara zimeachiwa huru, kila mwenye lori anaitwa tajiri, na mashirika ya umma yanakufa moja baada ya jingine. Kila shirika likifa linaacha maiti yake barabarani: maghala, mabwalo, nyumba za wafanyakazi. Madereva wengine wakifika Makambako walitafuta nyama choma na gesti. Abdulatif ugonjwa wake ulikuwa mwingine. Akiona jengo lisilo na mtu, huegesha lori, akaingia. Alirudi nyumbani na utando wa buibui kichwani, macho yanawaka, akasimulia ofisi aliyoikuta na kalenda ya miaka mitano iliyopita, au bwalo ambalo viti vyake vimepangwa utadhani watu wanakuja kula mchana.

"Nyumba yenye watu inakuonyesha wanachotaka uone," alimwambia Salha. "Nyumba iliyoachwa haina siri. Unaona msumari uliotundikiwa kioo, unamwona na mtu aliyejitazama. Sichukui kitu, Salha. Hata msumari. Na humo ndani siongei. Humo ndani mtu haongei."

Sasa mke gani atasikia maneno hayo atulie? Salha alikuwa na miaka saba katika ndoa na hajapata mtoto. Barua za mawifi kutoka Kilwa zilikuwa zimeacha kuuliza habari za afya yake, zikaanza kumwuliza kaka yao kama huko bara hakuna wasichana. Kila Abdulatif alipochelewa, Salha alizinusa nguo zake. Na mara tatu, kwenye magoti ya suruali, alikuta doa jekundu linalonukia nta ya sakafu. Mwanamume anatoka kwenye gofu na polishi magotini! Salha akasema, huyu ana mwanamke, na mwanamke mwenyewe ni msafi.

Jumapili akapanda lori kwa nguvu. "Leo na mimi nataka kuona hayo majumba."

Abdulatif hakukasirika hata kidogo. Alifurahi kama mtoto.

Mahali penyewe watu walipaita Kambini. Ukitoka Makambako kwenda Njombe unaiacha lami, unapanda kilima, unakuta kilichokuwa kiwanda cha pareto. Ilikuwa saa saba mchana lakini ukungu ulikuwa umelala juu ya mapaa, na harufu ya maua makavu bado ilikuwa imekaa kwenye kuta. Waliingia nyumba moja, wakatoka, wakaingia nyingine. Salha alikuwa amekuja kukamata mtu, lakini mguu wake ukaanza kumsaliti. Kila mlango ulimfanya atamani mlango unaofuata. Katika fremu moja alikuta mistari ya penseli, mtoto wa watu alikuwa akipimwa kimo, mstari juu ya mstari, mpaka ukafika kiunoni mwa Salha ukakoma. Aliuwekea kiganja pale, akakiacha kwa muda. Alimwelewa mumewe siku hiyo, na kwa muda mfupi akamsamehe.

Kisha wakafika nyumba ya meneja.

Madirisha hayakuwa na vioo. Majani ya mikaratusi yalijaa barazani. Lakini sebuleni sakafu ilikuwa nyekundu na inang'aa, hata jani moja halikuvuka kizingiti.

"Nani anapiga polishi hapa?" Salha akauliza.

Abdulatif akaweka kidole mdomoni.

Kidole kile ndicho kilichoharibu mambo. Salha aliona mume anamficha mwanamke nyuma ya mlango, tena anamnyamazisha mkewe ili mwenzake asisumbuliwe. Wivu ukampanda kichwani. Akapaza sauti mpaka nyumba ikajibu kwa mwangwi.

"Wewe unayejificha humu, nisikie! Mimi naitwa Salha, mke wa Abdulatif. Kwetu ni Makambako, nyuma ya stesheni ya reli, nyumba yenye mlango wa kijani. Kama unamtaka mume wangu, acha kumvizia magofuni. Njoo nyumbani. Uingie kwa mlango, karibu!"

Walipekua vyumba vyote vinne. Hapakuwa na mtu, wala kitanda, wala jivu la moto. Abdulatif alikuwa amebadilika rangi. "Umesema nini, Salha?" alimwuliza kwa kunong'ona. "Umesema nini humu?"

Jumatatu ikapita salama. Jumanne ndiyo ile asubuhi ya sakafu.

Jumatano Salha aliamka akaikuta chupa ya chai imejaa. Vikombe viwili vilikuwa mezani, vimefunikwa kwa kitambaa. Kabla hajaizuia mikono ya mumewe, Abdulatif alikuwa amekwisha kumimina. Akanywa, akafumba macho.

"Leo chai umeipatia," akasema. "Tangawizi yake ndiyo hii."

Maneno hayo yalimchoma Salha kuliko hofu yenyewe. Miaka saba anamchemshia chai!

Siku hiyo Abdulatif hakwenda kazini. Alikaa sebuleni peke yake, mikono magotini, na macho yake yalikuwa yale yale ya Kambini. Salha alipomwita, aliweka kidole mdomoni. Nje treni ya mizigo ilipita ikielekea Zambia, ikatikisa vyombo kabatini, na ilipokwisha kupita Salha akasikia kitambaa kinasugua sakafu, taratibu, shwa, shwa, kule chumbani kwake, mchana kweupe, jua lipo, majirani wanapepeta mahindi nje. Akaenda chumbani na mwiko mkononi, asikute mtu, ila sauti sasa ikawa jikoni alikotoka, akarudi jikoni, ikawa chumbani, akasimama katikati ya ukumbi akijishika kifua, na harufu ya nta ikazidi, na ndani ya nta ile pareto, maua makavu ya miaka mingi, ikamjaa puani na kooni mpaka akahisi kwamba mtu mwingine ndiye anayevuta pumzi na yeye anapewa makombo, akatoka mbio bila viatu na ushungi ukaanguka nyuma yake.

Hakuuokota. Alikwenda moja kwa moja kwa Mwalimu Abdulsalam, mzee wa Kilwa aliyefundisha madrasa karibu na soko na kuwasomea wagonjwa.

"Mlichukua nini huko?" Mwalimu akauliza.

"Hatukuchukua kitu."

"Mliacha nini?"

"Hatukuacha."

"Mlisema nini?"

Salha akainama. Akayarudia maneno yake yote, mpaka ile rangi ya mlango.

"Mwanangu, huyo hakukuvamia. Umemwita, umemwelekeza njia, umemkaribisha. Nikimsomea atasema ana haki yake. Hebu niambie, humo ndani anafanya nini?"

Hapa, msomaji, ndipo ungemshika Salha mabega umtikise. Lakini mwanamke gani atamwambia mzee wa watu kwamba kuna mwanamke mwingine anapiga deki nyumbani kwake kumshinda yeye, na chai yake ni tamu zaidi? Mficha maradhi, kifo humwumbua.

"Anatembea tu," Salha akasema. "Na ananuka."

"Mvivu basi," Mwalimu akasema, uso ukamkunjuka. "Wa magofuni wengi ni wavivu, wamezoea kukaa. Dawa yake wazee wetu walishaisema. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kesho ni ya tatu. Msimamishie jembe mlango wa nyuma, mwonyeshe shamba, umwambie hapa kwetu watu hulima. Ataona tabu, ataondoka mwenyewe. Asubuhi yake utoke kwa mlango wa nyuma, uzunguke mbele, upige hodi kwenye mlango wako mara tatu. Mgeni haitikii hodi ya nyumba ya watu. Kukiwa kimya, ingia, ni kwako."

"Na akiitika?"

Mwalimu akaanza kuhesabu tasbihi yake. "Hawezi kuitika. Anayeitika hodi ni mwenyeji."

Nyumba ya wafanyabiashara haina jembe. Alhamisi Salha alikwenda kuazima kwa jirani yake Mama Eveline, Mbena wa hapo hapo, Mlutheri, mkulima wa kuamka na jogoo.

"Kamwene, dada Salha," akamsalimu Kibena. "Jembe! Nanyi mmeanza kulima?"

"La kuzibua mtaro tu, Mama Eveline. Maji yanaingia ndani."

Mama Eveline alimtazama miguu, isiyo na tope hata kidogo. Alishuku, lakini hakuuliza. Akampa.

Nyuma ya nyumba palikuwa na kiwanja cha robo eka, nyasi zimefika kiunoni, hakikuwahi kulimwa tangu wanunue. Saa kumi jioni Salha alilisimamisha jembe pale, akanyoosha mkono kuelekea nyasi.

"Mgeni, siku zako mbili zimekwisha. Jembe hilo, shamba hilo. Hapa kwetu watu hulima."

Upepo ukatulia. Harufu ya nta ikamjia karibu, ikasimama begani kwake, kana kwamba kuna mtu ameinama ili alione shamba vizuri. Kisha ikaondoka. Salha alilia kwa furaha. Alikwenda akapika wali, akamlisha mumewe, na usiku ule hakusikia kitu chochote.

Ijumaa alfajiri akafungua mlango wa nyuma.

Robo eka yote ilikuwa imelimwa. Nyasi zimefukiwa, matuta yamenyooka kama mistari ya daftari, na udongo mweusi unafuka mvuke kwenye baridi. Jembe lilikuwa limeoshwa, limeegemezwa ukutani. Nje ya mlango palikuwa na nyayo za tope, ndogo, za mwanamke. Zilikuwa zinaingia ndani, hakuna hata moja iliyotoka.

"Kumbe kweli mnalima!" Mama Eveline alikuwa amepita uani kufuata jembe lake. Akayatazama matuta, kisha akamtazama Salha usoni, na tabasamu likamwisha. "Dada. Nani amelima hapa?"

Salha akamweleza yote, sasa hata ya sakafu, hata ya chai. Mama Eveline alikuwa akirudi nyuma hatua moja moja, mpaka mgongo ukagusa uzio.

"Kwa nini hukuniambia?" akanong'ona. "Ningekunyima. Mungu wangu, ningekunyima! Mwanamke mgeni mwenye kupenda kazi, unampa jembe, tena unamwonyesha shamba? Sisi huku, mwanamke akipewa jembe na kuonyeshwa shamba, huyo si mgeni tena. Huyo ameolewa. Na anayempa kwa mkono wake ni mke mkubwa, ndiyo kusema amemkubali."

"Mimi sikujua. Sisi wa pwani, jembe ni la kumfukuza mgeni."

"Yeye ni wa huku, dada Salha."

Wakazunguka mpaka mbele wameshikana mikono. Mlango wa kijani ulikuwa umefungwa, na kizingiti kilikuwa chekundu, kinang'aa. Ndani hapakuwa na mtu ila Abdulatif.

"Piga basi," Mama Eveline akasema. "Kama Mwalimu alivyokuagiza."

Salha alinyanyua mkono. Nyumba aliyoinunulia mapazia, mlango aliouchagulia rangi.

"Hodi," akasema.

Kimya.

"Hodi!"

Kimya. Mama Eveline akaanza kusali Baba Yetu kwa kunong'ona. Kimya ni salama, Salha akajiambia, kimya ni kwangu. Mara ya tatu sauti yake ilitoka nyembamba, kama ya mtoto aliyetumwa.

"Hodi."

Ndani kiti kilisogezwa. Abdulatif alicheka, kicheko kile cha mtu aliyepewa chai ikampendeza. Kisha sauti ya mwanamke, ya upole, isiyo na haraka, ikaitika kutoka sebuleni:

"Karibu, mgeni. Uvue viatu hapo hapo mlangoni, sakafu bado mbichi."